Uma moja, volcano na restora ya Mugiriki: safari ya Goma–Bukavu–Goma

Hii safari ya kwetu mashariki ya Kongo, juu ya ziwa Kivu, niliifanya mwezi wa nane 2019. Kila jioni nilikuwa naandika ndani ya kaye (daftari) ya mtoto wa dada yangu, kurasa za nyuma zile hazina hesabu, na sasa naitoa vile ilivyo. Nimerekebisha tu fasi ambazo hata mimi mwenyewe nilishindwa kusoma mwandiko wangu.

Jumatatu tarehe 5, Goma

Yote imeanza na uma. Nyumbani kwa koko yangu, mama ya baba, kule Majengo, kuko uma moja ambayo haifanani na zingine. Zingine zote ni zile nyepesi za Birere, mtaa wa biashara, ukichoma kipande cha muhogo inajikunja kama mtu amechoka, lakini hii moja ni nzito, meno yake marefu, na kwenye mkono kuko herufi K ndani ya duara, imesuguliwa mpaka karibu kuisha. Koko anageuzia nayo sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye mafuta. Tangu niko mtoto ni vile, na haruhusu mtu ailie.

Juzi nikaipiga picha nikaweka kwenye status, bure tu, juu nilikuwa nasikia njaa. Baba ya rafiki yangu mmoja akaniandikia: hii ni ya kwa Mugiriki, umeipata wapi?

Nikamuuliza koko. "Ya soko," akasema. Nikamuuliza kwa Mugiriki ni wapi. Akanyamaza kidogo, akageuza samaki. "Ah. Ile restora. Volcano iliikula." Halafu mwenyewe akaanza kueleza, chini kulikuwa vigae nyeupe na nyeusi kama ubao wa kucheza dama, madirisha na rideau (mapazia) za manjano, kila meza na chupa ndogo ya mafuta ya zeituni. Nikasema kumbe ulikuwa unakulaka pale! "Mimi? Hapana. Tulikuwa tunapita tu inje."

Sawa. Nikapanda moto, pikipiki ya taksi, nikaenda kuona hiyo inje.

Kwa wale hawajui Goma: hapa ukiuliza kitu fulani iko wapi, jibu ni moja, volcano. Na ni kweli mara nyingi. Alhamisi ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ilipasuka asubuhi upande wa kusini, jua kabla ya kuzama lava iko katikati ya mji, ikafunika kipande cha uwanja wa ndege, ikabomoa katedrali ya Saint-Joseph, ikashuka mpaka ziwani. Nilikuwa na miaka 11, tulikimbilia Gisenyi na godoro kichwani. (Hii nimeongeza baadaye: 2021 ikarudia, tarehe 22 mwezi wa tano, lakini ile mara ilisimama karibu ya uwanja wa ndege, mji wenyewe ukapona.) Kuna majumba hapa ya etaji ambayo leo unaingia kupitia iliyokuwa ghorofa ya kwanza, ile ya chini iko ndani ya jiwe. Mawe yenyewe tumeyavunja tukajengea kuta. Kwa hiyo mtu akikuambia volcano imekula kitu, hauulizi tena.

Fasi wanasema ilikuwa ni kule upande wa katedrali ya zamani ukiteremka. Leo kuko butike za simu, mwanamke wa mikate, na mzee mmoja wa kuziba mipira ya gari. Nimeuliza watu watatu nikapata restora tatu. Mzee wa mipira anasema ilikuwa ya Mureno, siyo Mugiriki, na yeye alikula pale sambaza tamu sana mwaka 1955. Mwingine anasema ilikuwa na miziki na ilifungwa na volcano usiku watu wakiwa wanacheza. Hii nikaicheka, juu mwaka 2002 mwezi wa kwanza, na vita ile, nani alikuwa anacheza.

Ya sambaza nayo ikanikwama kooni. Mimi nauza vipuri vya simu lakini marehemu baba alifanya kazi ya uvuvi, na kila mtoto wake anajua hii: sambaza si wa ziwa Kivu. Walitolewa Tanganyika kule wanaitwa ndagala, wazungu wakawaleta hapa karibu ya 1959, na uvuvi wenyewe wa taa na nyavu ulikuja kushika nguvu mwisho wa miaka ya 70 kuelekea 80. Mwaka 1955 hakuna mtu kwenye hii dunia alikula sambaza wa Kivu. Mzee hakunidanganya, nafikiri, ameweka tu restora ya juzi ndani ya restora ya zamani.

Wa tatu ndiye aliyenipa safari. Mama mmoja wa maharagwe, jumla, ana depot barabara ya juu kidogo, mwili mkubwa na kalkuleta shingoni kwa kamba. Nikamuuliza: mama, restora ya Mugiriki iliyokuliwa na volcano unaijua?

"Restora gani? Pale volcano ilikula maharagwe yangu."

Nikamwambia rudia.

"Magunia makumi ine. Ile nyumba nilikuwa nalipia mimi na mutu mwingine wa simenti, yeye upande ya mbele, mie nyuma, tangu 1999. Lava ilipika maharagwe bila maji. Restora! Hakukuwa hata meza, mwanangu. Kulikuwa panya."

Basi nikabaki nimesimama pale barabarani kama mtu ameuziwa simu ya sabuni. Miaka yote mji mzima unasema volcano ilikula restora, kumbe ilikula maharagwe. Restora yenyewe ilikuwa imeshakufa, na hakuna mtu anasema ilikufa na nini.

Nikamuuliza basi nani anajua. Akasema kuko mzee, mpishi wa pale zamani, yuko Bukavu, Kadutu, binti yake huja kununua maharagwe kwake kila wiki mbili na kuyateremsha na boti. Akanipa namba ya binti.

Jumanne tarehe 6, Goma bado

Siku ya bure kabisa. Nilienda kwenye biro moja ya Leta (serikali) kuuliza karatasi za ile nyumba, ilikuwa ya nani na lini. Nikangoja masaa matatu kwenye benchi. Mkubwa akanipokea vizuri, akaniambia dokima zote za zamani ziliungua na volcano. Nikamwambia lakini papa, lava haikufika hapa, ilipita kule. Akaniangalia. "Moshi ilifika."

Jioni nimenunua tiketi ya boti. Binti ya mzee amekubali, anasema baba yake anapenda watu wa kumsikiliza lakini nisiende asubuhi sana, na nisiende mikono mitupu.

Jumatano tarehe 7, ziwani

Nimefika port saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ni wakati wa Ebola, mwezi uliopita tulipata mgonjwa wa kwanza hapa Goma, wiki iliyopita Rwanda walifunga mpaka masaa machache watu wakapagawa, kwa hiyo kila mlango kuko bidoni la maji ya klori na kijana wa kukupima joto kwenye paji la uso. Unanawa, unapimwa, unaenda hatua kumi unanawa tena. Mikono yangu imenuka piscine, bwawa la kuogelea, mpaka Bukavu. Mama mmoja mbele yangu alikuwa na kuku wawili, kijana akasita, akaangalia kuku, akaangalia kipimo, akawaacha wapite.

Boti ya mbio ni ghali kuliko ile kubwa ya usiku lakini mimi ziwa la usiku silipendi. Tulivyotoka tukakutana na wavuvi wanarudi, ile mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja na miti mirefu mbele na nyuma kama mdudu mwenye pembe, wanapiga kasia na kuimba, na taa zao bado zinawaka bure kwenye mwanga. Baba alikuwa anasema mvuvi asiyeimba analala na akilala anaanguka.

Halafu Idjwi. Inachukua muda mrefu kupita kile kisiwa, unafikiri kimeisha kinaanza tena, mashamba ya ndizi na ya nanasi mpaka juu. Jirani yangu wa kiti, mwalimu, alinieleza habari ya gesi iliyo chini ya maji mpaka nikaona afadhali nilale.

Bukavu ukiifikia kwa maji ndio unaielewa, ni vidole vitano vya ardhi vimeingia ziwani, na juu yake majumba ya wazungu ya zamani yenye kona za duara. Zamani iliitwa Costermansville, jina la mzungu mkubwa wa Leta ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, na ndiyo ilikuwa kichwa cha Kivu yote, Goma ilikuwa kijiji cha kupitia watalii wakienda kuona mlima na wanyama. Sisi watu wa Goma hatupendi kukumbushwa. Shangazi aliyenipokea Nyawera alinikumbusha kabla sijaweka begi chini.

Mwezi wa nane ni kiangazi, vumbi nyekundu kila fasi. Sisi vumbi yetu ni nyeusi. Nimelala mapema.

Alhamisi tarehe 8, Kadutu

Leo nitaandika mrefu.

Nimebeba sukari kilo mbili, sabuni, na chupa mbili za bia ya Primus kwenye mfuko mweusi. Kupanda Kadutu ni kupanda kweli, vijia vya ngazi za udongo, nyumba imekaa juu ya kichwa cha nyumba, maji machafu yanateremka pembeni ya mguu wako. Binti akanishika mkono fasi mbili kama mimi ndiye mzee.

Mzee ana miaka 75, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata. Nikamwambia jambo papa, akaniambia jambo sana mwanangu, kaa, na kabla ya yote akaniuliza nimekula nini leo. Nikasema chai na mkate. Akatikisa kichwa vibaya sana.

Alianza kazi kwa Mugiriki 1958, miaka 14, kuosha sahani. Wateja walikuwa wazungu wa mashamba, kahawa na pareto, wakishuka kutoka Masisi na Rutshuru Jumamosi na matope kwenye viatu, na watalii wa Parc Albert, hiyo leo tunaita Virunga. Mtu mweusi hakuingia kwa mlango wa mbele, hiyo aliisema haraka na kupita. 1960 uhuru, wazungu wengi wakaondoka, Mugiriki akabaki, wateja wakabadilika, wakaja wakubwa wetu na wake zao. Mzee akapanda jikoni. 1967 mamluki wa Schramme waliposhika Bukavu, toka mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja, Goma nayo ilikuwa inatetemeka, na wao wakafunga wiki tatu wakala akiba ya jikoni wao wenyewe, "hiyo ndiyo wiki nilijifunza kula kizungu."

Nikamuuliza walipika nini. Hapa uso wake ukabadilika kabisa. Tilapia ya ziwa mzima, kichwa juu yake, si wale wa kukatakata. Biringanya zilizopangwa na nyama ya kusaga na juu yake maziwa mazito, zinaingia kwenye furu (oveni) mpaka zinapata ngozi. Na ulimi wa ng'ombe. Alinieleza ulimi kwa nusu saa, nikapiga saa kweli. Unauchemsha na chumvi na majani mpaka ile ngozi ngumu inakubali kutoka, na hiyo ngozi unaitoa ukiwa moto, ukipoa umekwisha, kwa hiyo vidole vyako vinaungua kila siku. Akanionyesha vidole. Ncha zake zimelainika, zinang'aa, hazina mistari. "Wakati wa kuandikisha uchaguzi mashini ilikataa kunisoma," akasema. "Nikabaambia, ni ulimi."

Na sambaza?

"Sambaza? Mugiriki angekupiga. Ile ilikuwa bado chakula ya samaki."

Basi nikamuuliza lile nililopandia ngazi. Restora ilikufaje?

Akafungua Primus ya kwanza kwa meno ya pembeni, miaka 75. "Ilisomwa ku radio."

Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973 Mobutu alitoa ile hotuba: biashara na mashamba ya wageni yatarudi kwa Wazairwa. Tumesoma shuleni, zaïrianisation, mistari minne kwenye kitabu. Sijawahi kufikiri ilivyoonekana ukiwa jikoni. Mwezi wa pili 1974, anasema, akaja mtu na abakosti mpya, ile suti ya wakati wa Mobutu, na karatasi yenye kachet (muhuri). Walikuwa wanaitwa akerere, wale waliopewa mali ya watu. Mugiriki alisoma karatasi amesimama, akaomba aikunje vizuri airudishe, akatoka na valizi mbili. Kwenye mlango akamwambia mzee: angalia friji, ile kubwa inavuja.

Akerere hakuuliza habari ya friji. Aliuliza stoku ya divai iko wapi.

"Hakuwa mutu mubaya," mzee akasema. "Alikuwa anakula tu. Na ndugu zake banakula. Na rafiki ya ndugu. Kila mutu anasaini bo, anasema utaandika, nitalipa." Bo ndiyo deni ya kuandika. Divai ikaisha kabla ya Pasaka. Mafuta ya zeituni yakafuata. Wale wa kuleta nyama walitaka pesa mkononi, wakaona bo, wakaacha kuja. Friji kubwa ikafa mwezi wa sita, kipande chake kilikuwa cha kuagiza Ulaya na hakuna wa kuagiza. Mwisho walikuwa wanauza bia ya moto na viazi. Mwezi wa tisa 1974 akerere hakuja siku moja, wala ya pili, wala ya tatu, na watumishi wakafunga mlango wenyewe. Hakuna moto, hakuna lava, hakuna hata mtu aliyepiga kelele. 1976 Leta ikageuka ikasema wageni warudi wachukue sehemu ya vitu vyao. Mugiriki hakurudi. Nyumba ikawa ya huyu, ya yule, 1994 wakati wa wakimbizi wa Rwanda ikajaa mahema na blanketi za msaada, halafu simenti, halafu maharagwe.

Mpaka hapo ilikuwa historia nzuri na mimi nilikuwa naandika haraka kama mwandishi wa habari. Halafu akaniuliza, vile wazee wanaulizaka, bila haraka: "Na wewe ni mutoto ya nani ku Goma?"

Nikataja jina la babu yangu, mzee ya baba.

Hakusema kitu. Akaingia ndani. Nikamsikia anavuta sanduku chini ya kitanda. Akarudi na kaye ya jalada gumu, nyekundu zamani, panya wamekula kona moja. Ni kaye ya bo. Tarehe, chakula, bei kwa zaire na makuta, pesa ya wakati ule, saini. Ukurasa kwa ukurasa, ulimi, ulimi, divai, tilapia mbili, bia sita, ulimi. Akalamba kidole akafunua akanipa.

Ile saini naijua. Iko nyuma ya kila picha ya nyumbani kwetu, kwenye karatasi ya shamba, kwenye ndani ya Biblia, ina mkia mrefu unarudi nyuma na kukata jina lote kama mtu amejifuta mwenyewe. Jumla ya zaire 214 kati ya mwezi wa pili na wa saba. Na akerere mwenyewe alikuwa kaka yake mkubwa, yule tunayemwita babu mkubwa, yule anayeombewa misa kila mwaka.

Sikujua niseme nini, nikasema pole papa. Akacheka. "Alikuwa anapenda ulimi sana, mukubwa yako. Alikuwa anakuja jikoni kunishukuru. Bengine habakuwa banakuja."

Nikatoa simu nikamuonyesha picha ya uma.

Alichukua simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akamuita binti yake, akamwambia kitu kwa mashi, lugha ya kule, binti akaleta mfuko wa unga umefungwa kwa kamba. Ndani kuko uma. K kwenye duara, zote, nyingine K bado ni kali kama jana. Zilikuwa 120, dazani kumi, akazihesabu mwenyewe siku ya kufunga akakuta 31, na kwa vile walikuwa na miezi mitano hawajalipwa kila mtumishi alichukua kitu, mmoja viti, mmoja masufuria, yeye uma. Vita zote, 1996, 1998, 2004, alikimbia na ule mfuko. Nikauliza hakuwahi kuuza hata moja? Hapana. Anakula nazo? Hapana, anakula na mkono.

"Basi za nini, papa?"

"Ni za restora," akasema, na akaniangalia kama swali langu ndilo lina shida.

Ijumaa tarehe 9, Bukavu

Nimerudi asubuhi kupiga picha kurasa za kaye, amekubali zote isipokuwa moja, ameikunja hakutaka niione na sikuuliza. Umeme umekatika mchana kutwa. Shangazi amepika sombe, nimekula kidogo, ameuliza kama niko mgonjwa, Ebola au mapenzi. Sikumwambia kitu, na yeye ni dada ya baba, ile saini ni ya baba yake.

Jumamosi tarehe 10, kurudi

Ziwa lilikuwa na mawimbi, watu wametapika, kuku hakuna leo. Niko nafikiri njia nzima kwanini watu wanasema volcano. Mzee wa mipira, mkubwa wa biro, koko. Volcano haina ndugu. Ukisema volcano ilikula, hakuna mtu wa kumuuliza alikula na nani, alisaini wapi. Ukisema akerere, lazima utaje jina, na majina bado yako hapa, wana watoto, wana wajukuu, wengine wanauza vipuri vya simu.

Sitaki kusema lava haikufanya kitu, mimi niliikimbia. Lakini kuko vitu vingi hapa Goma tumeisingizia.

Jumapili tarehe 11, Majengo

Nimengoja koko atoke misa. Nikamwekea simu mbele na ukurasa wa kaye, nikakuza saini. Alivaa miwani. Akaangalia muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma.

"Alikuwa anarudi ananuka siki na vitunguu," akasema. "Mie niko nyumbani na watoto ine, naivisha maharagwe. Siku moja nikamuambia, nipeleke na mie. Akanipeleka. Mara moja. Nilivaa kitenge ya ndoa." Kimya. "Nilikula ile biringanya."

Na uma?

"Ilikuwa ndani ya mufuko ya abakosti. Niliikuta nikifua."

Halafu akauliza deni ni ngapi. Nikamwambia zaire 214. Akashtuka, juu yeye anakumbuka wakati zaire moja ilikuwa dola mbili, "hiyo ni dola zaidi ya 400!" Nikamwambia koko ngoja, ile pesa haiko tena. 1993 walifuta, milioni 3 za zamani zikawa zaire mpya moja. 1998 wakafuta tena, zaire mpya laki moja zikawa franka moja. Kwa hiyo franka moja ni zaire za zamani bilioni 300. Nikagawanya kwenye simu, 214 kwa hiyo namba, kalkuleta ikanipa 7.13E-10, nikamueleza ni kama hakuna, ni sifuri, koma, halafu masifuri tisa, ndio inaanza 7.

Akaniuliza nani aligawanya vile. Nikasema Leta. Akasema Leta inajua kulipa deni ya watu.

Akaenda jikoni. Akarudi na uma, ameiosha, ameikausha kwa kitambaa, akaifunga kwenye gazeti. Akanituma nikanunue fromage (jibini) ya Masisi, bulu nzima si nusu, na niende kuuliza yule mama wa maharagwe binti ya mzee anakuja lini.

Nimeongeza baadaye, tarehe 26

Simu ya namba ya Bukavu saa moja usiku, mzee mwenyewe, anapiga kelele kama wazee wote kwenye simu. Fromage imefika lakini ina chumvi mingi, koko yangu amenunua kwa nani, aache kununua kwa huyo. Na uma imefika.

"Sasa ziko makumi tatu na mbili," akasema. "Bado makumi nane na nane."